Akina Suleiman: Jina Moja kutoka Yerusalemu hadi Kilwa na Mazimbu

Suleiman mwana wa Daudi alitawala Yerusalemu katika karne ya 10 kabla ya Kristo. Wanahistoria wengi humweka kati ya mwaka 970 na 931. Tangu hapo jina lake halijakosa wa kuliitikia. Limebebwa na khalifa wa Damasko, mansa wa Mali, masultani wa Kilwa na wa Istanbul, shaha wa Uajemi, nahodha wa Hadhramaut, mtumwa wa Louisiana, mpigania uhuru wa Pretoria na mkimbiaji wa Tanzania. Biblia ya Kiswahili imeliandika Sulemani, vitabu vya Kiislamu Suleiman. Unguja hutamkwa Sleiman, Bara Selemani, na Kusini mwa Afrika Solomon. Mwenye jina ni yule yule.

Jina hili halikuenea kwa sababu ni tamu masikioni. Lilienea kwa sababu ya sifa zilizofungamana nalo, na sifa hizo zimo katika vitabu vya dini tatu. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinaeleza kwamba Sulemani alijenga hekalu kwa miaka 7 na nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13, kwamba alikuwa na wake 700 na masuria 300, na kwamba merikebu zake zilileta kutoka Ofiri talanta 420 za dhahabu. Kitabu hicho hakimfichi: kinasema wake hao waligeuza moyo wake uzeeni, na ufalme ukagawanyika mara tu alipofariki. Katika Kurani hana doa hilo. Humo ni nabii aliyefundishwa lugha ya ndege, akatiishiwa upepo na majini, akasikia mdudu chungu akiwaonya wenzake wasije wakakanyagwa na jeshi lake, na akamtuma hudihudi na barua kwa malkia wa Sabaa. Hata kifo chake hakikuwa cha kawaida. Alifariki akiwa ameegemea fimbo, na majini wakaendelea kuchapa kazi wakidhani anawatazama, mpaka mdudu wa ardhi alipoila fimbo ile na mwili ukaanguka.

Hekima, mali, majengo na amri juu ya viumbe: mzazi anayempa mwanawe jina hili huwa na moja ya hayo moyoni. Wafalme nao waliyataka yote manne, na wakati mwingine yaliwakaa vizuri, wakati mwingine yaliwapwaya.

Wa kwanza kulipeleka jina hili kwenye kiti kikubwa cha dola ya Kiislamu ni Suleiman bin Abdulmalik, khalifa wa ukoo wa Umayya. Alipokuwa gavana wa Palestina alijenga mji wa Ramla, ambao upo hadi leo. Alitawala miaka miwili na ushei tu, kuanzia 715 hadi 717, na jeshi lake lilipoteza watu wengi mbele ya kuta za Konstantinopoli katika mazingiwa yaliyoendelea hata baada ya kifo chake. Jambo linalomfanya akumbukwe kwa heri alilifanya kitandani, akiwa mgonjwa huko Dabiq. Aliwaruka ndugu zake na kumteua binamu yake, Umar bin Abdulaziz, ambaye Waislamu wengi humhesabu kuwa khalifa mwadilifu kuliko wote wa ukoo ule.

Huko Uhabeshi jina halikuhitaji kupewa mtoto ili lifanye kazi. Yekuno Amlak alipotwaa ufalme mwaka 1270, warithi wake walijieleza kuwa ni uzao wa Sulemani mwenyewe. Kitabu cha Kebra Nagast, kilichokamilishwa kwa lugha ya Kigeezi katika karne ya 14, kinasimulia safari ya malkia wa Sheba, ambaye Wahabeshi humwita Makeda, hadi Yerusalemu, na kuzaliwa kwa Menelik, mwana aliyekwenda kumwona baba yake na kurudi na Sanduku la Agano. Nasaba hiyo iliingia hadi katika sheria za karne ya 20: katiba ya 1955 ilitamka kwamba ukoo wa Haile Selassie unatokana bila kukatika na Menelik, mwana wa Sulemani na malkia wa Sheba. Dai hilo lilifikia kikomo cha kisiasa tarehe 12 Septemba 1974, wanajeshi walipomwondoa mfalme na kumpakia katika gari dogo la Volkswagen.

Kilwa, kwenye mwambao wa kusini wa Tanzania ya leo, jina hili lilikuwa la watu wenye nyama na damu, tena si mmoja. Historia ya masultani wake imehifadhiwa katika tarehe ya Kiarabu na katika muhtasari uliochapishwa na Mreno João de Barros mwaka 1552. Katika orodha ya Barros yumo Suleiman ambaye raia walimkata kichwa kwa utawala mbaya, kisha wakamwita kutoka Sofala mwanawe Daudi aje akalie kiti. Yumo pia Suleiman mwingine, mwana wa Hassan, anayetajwa kuwa bwana wa biashara ya Sofala na wa visiwa vya Pemba, Mafia na Unguja, na mjenzi wa majumba ya mawe mahali palipokuwa na nyumba za miti. Daudi na Suleiman katika ukoo mmoja, kama kule Yerusalemu. Ni vigumu kudhani wazee wa Kilwa hawakujua walichokuwa wakikifanya walipochagua majina.

Aliyeacha alama kubwa kuliko wote ni mwana wa Suleiman: al-Hassan bin Suleiman, wa ukoo wa Mahdali ulioingia madarakani mwishoni mwa karne ya 13. Alitawala takriban kati ya 1310 na 1333. Tarehe ya Kilwa inasema alikwenda hija akiwa kijana wa miaka 14, akakaa Aden miaka miwili akisoma, huku ndugu yake Daudi akimshikia nafasi. Aliporudi aliupanua Msikiti Mkuu wa Kilwa kwa nguzo na makuba, na kwenye mwamba unaoitazama bahari, upande wa mashariki wa mji, akajenga Husuni Kubwa. Jumba hilo lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, mabaraza ya kupokelea wageni, uwanja wa biashara na birika la kuogea lenye pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipolichimba katika miaka ya 1960 alikuta maandishi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe yakimtaja sultani huyo kwa jina. Halikumalizwa kujengwa, na halikukaliwa kwa muda mrefu.

Ibn Battuta wa Tangier alifika Kilwa mwaka 1331 na kumkuta sultani huyo, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa ukarimu wake. Kisa alichokiandika kinaonyesha jina hilo la utani lilitoka wapi. Sultani alikuwa anatoka kwenye sala ya Ijumaa. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani na kumwomba nguo alizovaa mwilini. Sultani akamwitikia, akarudi msikitini, akavua mavazi yake, akavaa mengine, akamwita fakiri aje achukue. Mwana wa mfalme hakupendezwa kuona mavazi ya baba yake yamekwenda hivyo. Akayachukua na kumpa yule mtu watumwa 10 badala yake. Sultani aliposikia watu wanavyolisifia tendo hilo, akaamuru fakiri aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ukarimu huu, ni lazima isemwe, ulilipwa kwa miili ya watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Ibn Battuta anaongeza kwamba Daudi, aliyemrithi ndugu yake, alikuwa kinyume chake kabisa: mwombaji akija, aliambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu.

Sarafu za Kilwa ndizo ushahidi unaoshikika mkononi. Ni vipande vidogo vya shaba, upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yaliyotungwa yafanane kina na jina lile, hata sarafu nzima ikasomeka kama ubeti. Hazina mwaka. Zipo za al-Hassan bin Suleiman na zipo za Suleiman bin al-Hassan, na katika ukoo ambao majina mawili hupokezana, mtafiti hulazimika kupima aina ya mwandiko na tabaka la udongo kabla ya kusema hii ni ya mjukuu au ya babu. Sarafu za Kilwa zimesafiri mbali. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota tano katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo, na hadi sasa wataalamu wanabishana zilifikaje huko.

Ibn Battuta alibahatika kufika kwa Suleiman wa pili, safari hii mwenyewe na si mwanawe. Mwaka 1352 alivuka Sahara hadi Mali, iliyokuwa ikitawaliwa na Mansa Suleiman, ndugu wa Mansa Musa, yule ambaye dhahabu yake iliishangaza Kairo mwaka 1324. Msafiri alikuwa amezoea zawadi za wafalme. Alipoambiwa kwamba takrima ya sultani imekuja, alisimama akitarajia majoho na fedha. Akaletewa mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa kwa mafuta ya gharti, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka. Baadaye alisimama mbele ya mansa na kumuuliza, kupitia kwa mkalimani Dugha, atawaambia nini wafalme wengine ikiwa amekaa nchini muda wote ule bila kupewa chochote. Ndipo akapewa nyumba na mithkali 33 na theluthi za dhahabu, na alipoondoka mithkali 100 nyingine.

Kwa hiyo katika kitabu kimoja cha safari, Kilwa ina baba wa vipawa na Mali ina bahili. Hukumu hiyo inafaa kupokewa kwa hadhari, maana hakimu ndiye aliyekuwa mlalamikaji. Mansa Suleiman alirithi hazina iliyokuwa imetumiwa kwa mkono wazi na kaka yake, na aliyemtangulia moja kwa moja alikuwa mwana wa Musa aliyekaa miaka minne tu. Ibn Battuta huyo huyo anakiri kwamba hakuona nchi yenye usalama kuliko Mali: msafiri hakuogopa mwizi, na mali ya mgeni aliyefia huko haikuguswa hata ikiwa nyingi kiasi gani. Mansa Suleiman alitawala hadi karibu 1360. Baada yake ukoo uliingia katika vita vya kugombea kiti.

Wareno walipofika mwambao wa Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 15, walikuta dhahabu ikitoka bara kupitia Sofala, bandari ambayo Kilwa iliidhibiti kwa muda mrefu. Swali la nani aliyechimba dhahabu hiyo lilikuwa na jibu karibu: Washona wa nyanda za juu kati ya mito ya Zambezi na Limpopo. Wageni walilitafuta jibu katika Biblia. Karani Tomé Lopes, aliyekuwa kwenye msafara wa pili wa Vasco da Gama mwaka 1502, aliandika kwamba Sofala ndiyo Ofiri ya Mfalme Sulemani. Padri João dos Santos, aliyeishi Sofala na kuchapisha kitabu chake mwaka 1609, akarudia habari hizo na kuzifungamanisha na magofu ya mlima Fura. Kufikia 1667 wazo hilo lilikuwa limeingia katika utenzi mkuu wa John Milton, Paradise Lost, ambamo Mombasa, Kilwa, Malindi na Sofala zimetajwa kwa pamoja, na Sofala inadhaniwa kuwa Ofiri. Hata visiwa vya Pasifiki havikuepuka: Mhispania Álvaro de Mendaña alipovifikia mwaka 1568, matumaini ya dhahabu ya mfalme huyo yalivifanya viitwe Visiwa vya Solomon, ambalo ndilo jina la nchi hiyo mpaka leo.

Madhara yalionekana zaidi huko Zimbabwe Kuu. Mjerumani Karl Mauch alifika kwenye kuta zake za mawe mwaka 1871. Alichonga kipande cha mti kutoka kwenye kizingiti, akakinusa, akaona kinafanana na mti wa penseli yake. Penseli yake ilikuwa ya mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Wafoinike wa Lebanoni walimsaidia Sulemani kujenga hekalu. Basi jengo lile lilikuwa la malkia wa Sheba. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na nadharia ya penseli ikadumu kwa vizazi. Mwaka 1885 H. Rider Haggard alitoa riwaya ya King Solomon's Mines, iliyouzwa kama njugu, na wasomaji wa Kiswahili wakaipata mwaka 1929 kwa tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Walowezi wa Rhodesia nao waliikumbatia hadithi hiyo kwa sababu isiyohusiana na fasihi: ikiwa waliojenga kuta zile hawakuwa Waafrika, basi Mwafrika hakuwa na hati ya zamani juu ya nchi ile.

Wataalamu walilikataa jambo hilo mapema. David Randall-MacIver alisema mwaka 1905 kwamba jengo ni la Waafrika wa zama za kati, na Gertrude Caton-Thompson, aliyechimba huko mwaka ule ule wa 1929, akathibitisha. Serikali ya walowezi wa Rhodesia chini ya Ian Smith bado ilitaka vitabu vya watalii viache mlango wazi kwa Wafoinike, na mwanaakiolojia Peter Garlake, aliyekataa, aliondoka nchini mwaka 1970.

Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 kulipatikana Zimbabwe Kuu sarafu moja ndogo ya shaba. Imeandikwa jina la al-Hassan bin Suleiman, sultani wa Kilwa. Jina la Suleiman lilikuwapo kweli katika magofu yale, ila si la mfalme wa Yerusalemu, ambaye hakuna ushahidi kwamba alijua habari za nyanda zile. Lilikuwa la mtawala wa mwambao aliyeishi katika siku za ustawi wa Zimbabwe Kuu yenyewe, mfanyabiashara mwenza wa waliojenga kuta zile, na mwenye jumba lenye birika la pembe nane umbali wa safari ya bahari kuelekea kaskazini. Hadithi ya mwenye jina mkubwa iliwafunika kwa miaka zaidi ya 400 akina Suleiman wadogo waliohusika hasa.

Wakati Wareno wanahangaika na Ofiri, jina lilikuwa limepata mwenyewe mwingine wa kulinyanyua. Suleiman, sultani wa Milki ya Osmani, alizaliwa Trabzon mwaka 1494 na kukalia kiti mwaka 1520. Belgrade ilianguka 1521, Rhodes 1522; mfalme wa Hungaria akafia Mohács tarehe 29 Agosti 1526; Vienna ikazingirwa 1529 bila kutekwa; Baghdad ikaingia mkononi 1534. Wazungu walimwita Mtukufu. Watu wake walimwita Kanuni, mtunga sheria, na washairi wa ikulu hawakuchoka kumfananisha na nabii aliyeitwa jina lake. Naye alichukulia mfano huo kwa uzito. Kati ya 1537 na 1541 alizijenga upya kuta za Yerusalemu, mji wa Suleiman wa kwanza, na ndizo kuta ambazo mgeni anaziona leo akiingia mji wa kale. Istanbul alimwagiza msanifu Sinan ajenge msikiti wa Süleymaniye, uliokamilika 1557.

Kwa wenyeji wa Bahari ya Hindi, Suleiman aliyeonekana hakuwa sultani mwenyewe bali mtumishi wake wa jina moja. Hadım Suleiman Pasha, towashi na gavana wa Misri, aliongoza merikebu za Osmani mwaka 1538 kwenda Diu, India, kuwafukuza Wareno. Njiani alipita Aden, akamwalika mtawala wa mji ndani ya jahazi lake, akamnyonga. Diu hakuiweza. Habari za usaliti wa Aden zilimtangulia, na Waislamu wa Gujarat waliokuwa wamwunge mkono wakarudi nyuma. Adhabu hakupata, miaka michache baadaye alipandishwa kuwa waziri mkuu.

Karibu na zama hizo aliishi Suleiman al-Mahri, nahodha wa Shihr huko Hadhramaut. Aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 vitabu vya uongozaji wa vyombo: vipimo vya nyota, nyakati za pepo za kaskazi na kusi, na njia za bahari kutoka Arabuni hadi mwambao wa Zanji, India na visiwa vya mashariki. Hakutawala hata kijiji. Lakini amiri wa Osmani Seydi Ali Reis alipotunga kitabu chake cha Bahari ya Hindi mwaka 1554, sehemu kubwa aliitoa kwa al-Mahri. Nabii alitiishiwa upepo kwa muujiza; huyu aliuandikia jedwali.

Kifo cha sultani Suleiman kilikuja usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1566, hemani, jeshi lake likiwa limeizingira ngome ya Szigetvár huko Hungaria. Waziri wake, Sokollu Mehmed Pasha, alikificha. Amri ziliendelea kutolewa kwa jina la sultani, chakula kiliendelea kupelekwa hemani, na askari hawakuambiwa mpaka mrithi, Selim, alipopata nafasi ya kufika. Siku 48 zilipita. Msomaji wa Kurani hakosi kuona jinsi kisa hiki kinavyokwenda sambamba na kile cha fimbo na majini.

Hesabu ya masultani wenye jina hilo nayo ilileta mkanganyiko wake. Baada ya Bayezid wa Kwanza kutekwa na Timur mwaka 1402, mwanawe Suleiman Çelebi alitawala sehemu ya Ulaya ya milki hadi 1411, na baadhi ya waandishi wa Ulaya walimhesabu kuwa ndiye wa kwanza. Kwa hiyo katika vitabu vyao vya zamani yule Mtukufu anaitwa Suleiman wa Pili. Waosmani wenyewe hawakukubali hesabu hiyo. Suleiman wa Pili wao ni yule aliyetawazwa 1687, baada ya kufungiwa karibu miaka 40 katika vyumba vya wana wa kifalme. Walipokuja kumchukua ili wamtawaze, alidhani wamekuja kumuua, na aliomba muda wa kusali kwanza.

Aliyekuwa akitawala Uajemi wakati huo alikuwa naye Suleiman, lakini wa kujipachika. Alitawazwa Novemba 1666 kwa jina la Safi wa Pili. Mambo yakaenda mrama: shaha akaugua, chakula kikapanda bei, tetemeko la ardhi likabomoa miji ya Shirvan, na maharamia wa Kikazaki wakavamia pwani ya Bahari ya Kaspi. Waganga na wanajimu wa Isfahan walikubaliana kwamba saa ya kutawazwa ilikuwa ya nuksi. Dawa ikawa kumtawaza upya, Machi 1668, kwa jina lenye baraka zaidi, na hapo akawa Shah Suleiman. Afya ilirudi kiasi. Hekima haikufuata: hadi kifo chake mwaka 1694 alitumia muda mwingi katika nyumba ya wake zake na kwenye mvinyo, akiwaachia wengine serikali. Kwa miaka minne, 1687 hadi 1691, mahasimu wawili wakubwa wa Mashariki ya Kati walitawaliwa na watu wa jina moja, mmoja aliyefungwa miaka 40 na mmoja aliyejifungia mwenyewe.

Njia nyingine ya jina ilipita baharini kwenda utumwani. Ayuba Suleiman Diallo alizaliwa karibu 1701 huko Bundu, katika Senegali ya leo, mtoto wa ukoo wa mashekhe. Mwaka 1731, akitoka kuuza watumwa wawili kwenye mto Gambia, yeye mwenyewe alikamatwa na kuuzwa kwenye mashamba ya tumbaku ya Maryland. Barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu iliangukia mikononi mwa watu wakubwa wa London, waliomnunua na kumleta Uingereza. Huko akaitwa Job ben Solomon, akaandika Kurani nzima kwa kumbukumbu, na mwaka 1733 William Hoare akamchora akiwa na kilemba na msahafu shingoni. Mwaka 1734 alikuwa amerudi kwao. Wachache mno miongoni mwa waliovushwa Atlantiki walipata bahati hiyo.

Karne moja baadaye, mpiga fidla Solomon Northup, mtu huru wa jimbo la New York, alirubuniwa kwenda Washington mwaka 1841, akaleweshwa dawa na kuuzwa Louisiana. Jambo la kwanza alilonyang'anywa baada ya uhuru ni jina: wauzaji walimwita Platt, na kwa miaka 12 hakuthubutu kumwambia mtu ovyo kwamba yeye ni Solomon, maana mwenye jina hilo alikuwa na ndugu, cheti na jimbo la kumtetea. Alikombolewa Januari 1853 na mwaka huo huo akatoa kitabu chake, Twelve Years a Slave, ambacho filamu yake ilitwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2014.

Afrika Kusini ina akina Solomon wawili wasiosahaulika. Solomon Tshekisho Plaatje, aliyezaliwa 1876, alikuwa mkalimani wa mahakama, mhariri wa magazeti na katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, kilipoundwa mwaka 1912. Aliandika shajara ya mazingiwa ya Mafikeng, akaipinga Sheria ya Ardhi ya 1913 kwa kitabu, na akatafsiri Shakespeare kwa Kitswana. Tafsiri iliyochapishwa akiwa hai, mwaka 1930, ni Diphosho-phosho, yaani The Comedy of Errors. Ni tamthilia ya mapacha wawili wenye jina moja na watumishi wao wawili, mapacha nao, wenye jina moja. Plaatje alifariki 1932.

Solomon Kalushi Mahlangu alizaliwa mwaka 1956 na kukulia Mamelodi, Pretoria. Baada ya machafuko ya Soweto ya 1976 aliondoka nchini kujifunza vita, akarudi Juni 1977 na wenzake wawili. Tarehe 13 mwezi huo walizingirwa katikati ya Johannesburg, na watu wawili wakauawa. Aliyefyatua risasi alikuwa mwenzake, Mondy Motloung, ambaye alipigwa vibaya hadi akaonekana hawezi kusimama kizimbani. Mahlangu alihukumiwa kwa kosa la kushirikiana naye na kunyongwa tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Tanzania ilikuwa imewapa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, ili wajenge shule ya vijana waliokimbia. Mwaka huo shule ikapewa jina lake. Ilikuwa na madarasa, mabweni, hospitali, karakana na mashamba, na Oliver Tambo aliifungua rasmi mwaka 1985. Mwaka 1992 wenyeji wake waliokuwa wakirejea kwao waliyakabidhi majengo kwa Tanzania, na leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Mwaka mmoja baada ya kunyongwa kwa Mahlangu, Suleiman Nyambui wa Tanzania alisimama kwenye mstari wa fainali ya mita 5,000 katika michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kenya ilikuwa imesusia michezo hiyo pamoja na Marekani. Alimaliza wa pili nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia kwa tofauti isiyofika sekunde moja. Nyambui, aliyezaliwa 1953, alisoma Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso na kutwaa mfululizo mataji manne ya mita 10,000 ya vyuo vikuu vya Marekani, kisha akashinda mbio za marathoni za Berlin mwaka 1987 na 1988. Medali yake ya fedha na ile ya Filbert Bayi, aliyoipata kwenye mbio za kuruka viunzi na maji katika michezo hiyo hiyo, ndizo pekee ambazo Tanzania imepata katika Olimpiki hadi ile ya Paris mwaka 2024.